Sonona: maswali tunayoulizwa sana Moshi na Arusha, na kwa nini ugonjwa huu haukubali kuondoka upesi

Maswali haya yameokotwa kwenye mabenchi ya wagonjwa wa nje, kwenye simu za usiku, na nje ya kanisa au msikiti, pale mtu anapokuvuta pembeni na kuanza na "nina ndugu yangu mmoja hivi". Mara nyingi ndugu huyo ni yeye mwenyewe. Majibu yameandikwa ili kila moja lisomeke peke yake. Ukurasa huu hauchukui nafasi ya daktari. Kama wewe au mtu uliye naye anawaza kujiua sasa hivi, ruka mengine yote uende swali la 21.

## Mambo ya msingi

1. Sonona ni ugonjwa gani hasa?

Ni ugonjwa wa akili wenye dalili kuu mbili: huzuni au hali ya utupu inayokaa karibu siku nzima, karibu kila siku, na kupoteza hamu ya mambo uliyokuwa unayapenda. Mojawapo lazima iwepo. Zinafuatana na nyingine: usingizi kukatika au kuzidi, chakula kukosa ladha au kula kupita kiasi, uchovu usioelezeka, kushindwa kutuliza akili kwenye jambo moja, mwili kuwa mzito au kukosa utulivu, kujilaumu na kujiona huna thamani, na mawazo ya kifo. Zikifika tano kwa jumla, zikadumu wiki 2 au zaidi na kuvuruga kazi, masomo au maisha ya nyumbani, hapo mhudumu wa afya anaanza kuizungumzia sonona.

Hizo wiki 2 huwashangaza watu, wanaona ni chache. Lakini ni nadra mtu kuja baada ya wiki 2. Wengi huja baada ya miezi, wengine miaka, wakiwa wameshazoea kudhani ndivyo walivyo.

2. Huo si msongo wa mawazo tu? Kila mtu ana mawazo.

Kila mtu ana mawazo, kweli. Tofauti inaonekana pale tatizo linapopungua. Mchukue mpagazi wa mlimani mwezi wa Aprili na Mei, mvua zimeshika, wageni hakuna, kodi ya chumba inamsubiri. Halali vizuri, anakuwa mkali kwa watoto. Huo ni msongo. Wageni wakianza kurudi Juni, akapata safari na tipu ikaingia mfukoni, usingizi unarudi wenyewe.

Mwenye sonona anapigiwa simu kwamba kesho kuna safari, geti la Machame, na hainuki. Au anapanda, anashuka, anapewa bahasha yake, anaiweka mezani na haifungui mpaka kesho kutwa. Habari njema imefika, ila hakuna mahali pa kuipokelea. Msongo wa muda mrefu unaweza kuzaa sonona, kwa hiyo hata nao si wa kudharau.

3. Nimepima malaria, taifodi na mkojo, nikapewa dawa na bado naumwa. Inawezekana ni sonona?

Inawezekana, na hii ndiyo njia ambayo watu wengi wa huku huingilia hospitali. Hawaji wakisema "nina huzuni". Wanakuja na kichwa kinachouma kila siku, moyo kwenda mbio, kuwaka moto utosini au miguuni, mgongo, tumbo linalochoma, mwili kuisha nguvu. Maumivu hayo ni ya kweli, hakuna anayeigiza. Sonona hukaa mwilini kama inavyokaa kichwani.

Ila usikimbilie upande wa pili pia. Yapo magonjwa ya mwili yanayofanana nayo: upungufu wa damu, tezi ya shingo inapofanya kazi pungufu, kisukari, VVU, na baadhi ya dawa. Kwa hiyo kipimo cha damu kina maana yake. Kisicho na maana ni kurudia dozi ya taifodi mara ya tatu bila mtu yeyote kukuuliza unalalaje na unajisikiaje. Wasipokuuliza, waambie mwenyewe.

4. Inatokana na nini?

Hakuna chanzo kimoja. Kuna urithi: mwenye mzazi au ndugu wa damu aliyewahi kuugua yuko kwenye hatari kubwa zaidi, ingawa si lazima augue. Kuna yaliyompata utotoni, hasa kupigwa, kudhalilishwa au kutelekezwa. Kuna hasara za ukubwani: kufiwa, ndoa kuvunjika, kufukuzwa kazi, madeni, shamba kugombaniwa na ndugu wa tumbo moja. Kuna magonjwa sugu, uzazi, na pombe. Mara nyingi ni kadhaa kwa pamoja, na lile la mwisho linalolaumiwa lilikuwa dogo tu.

Utasikia pia kwamba "kemikali za ubongo zimepungua". Maelezo hayo ni mepesi mno. Dawa hugusa kemikali hizo na husaidia wengi, lakini sayansi haijaonyesha kwamba sonona ni upungufu wa kitu kimoja unaojazwa ukaisha.

5. Huu si ugonjwa wa kizungu, au wa watu wa mjini wenye muda?

Hapana. Wazee wa Rombo na Meru walimjua mtu aliyeacha kwenda kihambani, yaani kwenye shamba la ukoo, aliyegeukia ukutani, aliyekaa kwenye kikao cha ukoo bila kusema neno. Maelezo yao yalikuwa mengine, lakini waliyemwona ni huyu huyu. Umaskini wenyewe huongeza hatari.

## Kwa nini haitoki kirahisi

6. Kwa nini asijikaze? Wenzake wana matatizo makubwa kuliko yeye na wanaendelea.

Hili ndilo swali tunaloulizwa kuliko yote, na ndilo lenye jibu refu.

Ili utoke kwenye shida yoyote unahitaji vitu kadhaa: nguvu ya kuanza, akili iliyotulia ya kupanga, usingizi wa kukurudisha, watu wa kukushika mkono, na imani kidogo kwamba kesho inaweza kuwa tofauti. Sonona inaanza kwa kuvichukua hivyo hivyo. Ni sawa na mkulima aliyeibiwa jembe msimu wa kupalilia, halafu majirani wanasimama kando ya shamba wanamwambia palilia.

Mtazame mama anayeuza mitumba soko la Memorial, Moshi. Siku ya kufungua belo lazima awahi, maana nguo nzuri zinaondoka asubuhi. Saa kumi na moja alfajiri yuko macho, tena amekuwa macho tangu saa nane. Simu inaita, ni mwenzake wa meza ya jirani. Anaiona, anaisikiliza inaita mpaka inakata. Kupokea kunamtaka aseme "mzima", kisha aeleze kwa nini jana hakuja, kisha aahidi leo. Hayo matatu yamemshinda kabla hajaweka mguu chini. Saa nne anajilaumu kwa uvivu, na lawama hiyo inakula kile kidogo ambacho kingemwamsha kesho. Mtaji unapungua, anaona aibu, anaanza kuwakwepa wenzake. Sasa ana sonona, ana upweke na hana mtaji, na kila kimoja kinakilisha kingine.

Kuna jambo jingine ambalo wa nje halioni. Ugonjwa huu unabadilisha hata kumbukumbu. Mgonjwa akijaribu kukumbuka siku alizofanikiwa, hazimjii. Zinakuja zile za kushindwa, zikiwa wazi kama za jana. Kwa hiyo ukimwambia "kumbuka ulivyokuwa", anakumbuka, ila anachokiona si unachokiona wewe.

"Jikaze" tayari anajiambia mwenyewe, mara nyingi kwa siku kuliko utakavyomwambia wewe. Kama ingekuwa dawa angeshapona.

7. Mbona juzi kwenye kipaimara alicheka na kucheza kama sisi?

Mtu anaweza kujikusanya kwa saa tatu mbele ya watu. Muulize alivyokuwa kesho yake. Wengi hulala siku nzima baada ya sherehe, kwa sababu kucheka kule kulikuwa kazi. Zaidi ya hapo, sonona hupanda na kushuka. Kwa wengine asubuhi ndiyo mbaya na jioni hupata nafuu. Kumwona mtu saa kumi na mbili jioni akiwa na soda mkononi hakukuonyeshi alivyoamka.

8. Nimechukua likizo nipumzike. Mbona nazidi kuwa vibaya?

Kwa sababu uchovu huu haulipwi kwa kulala. Unapojifungia ndani unakosa yale madogo yaliyokuwa yanakushikilia: salamu za njiani, jua, kazi iliyokamilika, mtu wa kukutania. Hamu inazidi kushuka, nawe unazidi kujifungia.

Kuna tiba inayojengwa juu ya jambo hili: usisubiri hamu ije ndipo ufanye, fanya kidogo sana, kwa saa iliyopangwa, hamu itafuata nyuma. Kidogo maana yake kidogo. Kuoga kabla ya saa tatu. Kutembea mpaka dukani na kurudi. Kumenya ndizi za mchana ukiwa umekaa nje badala ya jikoni. Andika ulichofanya, kwa kuwa kichwa chako kitakwambia hukufanya kitu. Mazoezi ya mwili nayo husaidia, hata kutembea kwa kasi siku chache kwa wiki. Lakini anayeshindwa kuoga asiambiwe aanze kukimbia.

9. Nikipata mbege au konyagi kidogo ndiyo nalala. Kuna ubaya?

Pombe inakulaza na kukuamsha saa tisa usiku ukiwa vibaya zaidi. Usingizi wake hauna kina, na siku inayofuata huzuni inazidi. Kwa mkoa kama Kilimanjaro, ambako mbege, pombe ya ndizi, ipo kwenye mahari, matanga na kikao cha kawaida tu, ni vigumu kumwona anayekunywa ili apoze maumivu, maana amekaa katikati ya wanaokunywa kwa furaha. Viroba, pombe kali ya vipakiti, vilipigwa marufuku mwaka 2017, lakini hitaji la kulala halikupigwa marufuku pamoja navyo.

Kama unakunywa kila siku na mikono inatetemeka ukikosa, usiache ghafla peke yako, ni hatari. Mwambie mhudumu wa afya akusaidie kupunguza. Na kama umeanza dawa za sonona, pombe inazivuruga.

10. Shida yangu ni deni la kausha damu. Dawa itanilipia deni?

Haitalipa. Hata hivyo deni hilo la riba inayokamua linahitaji mtu anayeweza kukaa chini na kupiga hesabu, kwenda kuongea na mkopeshaji, kumweleza mwenza wake ukweli, na kuamua ni kipi kiuzwe na kipi kisiuzwe. Ukiwa na sonona huwezi hata kufungua daftari. Tiba inakurudishia kichwa cha kuvifanya hivyo.

Upande wa pili nao ni kweli, na wahudumu tunausahau: kumpa mtu vidonge na kumrudisha kwenye nyumba anayopigwa, au kwa mkopeshaji anayetishia kuchukua kitanda, ni kumtibu nusu. Ustawi wa jamii, dawati la jinsia polisi, viongozi wenye busara wa VICOBA, vikundi vya kuweka na kukopa, hawa nao ni sehemu ya matibabu.

11. Nilipona. Kwa nini imerudi?

Sonona ina tabia ya kurudi. Takribani nusu ya waliougua mara moja huugua tena, na kila inaporudi, uwezekano wa kurudi tena huongezeka. Sababu ya kawaida ni kuacha tiba mara tu unapopata nafuu (tazama swali la 13). Nyingine ni kupona nusu: huzuni imeondoka, lakini usingizi haujatulia au uchovu umebaki. Masalia hayo ndiyo mlango wake wa kurudia, yataje kliniki.

Jifunze dalili yako ya kwanza. Kwa mmoja ni kuacha kupokea simu. Kwa mwingine ni kuamka saa nane usiku. Mwambie mtu mmoja wa nyumbani aijue, kwa sababu yeye ataiona kabla yako.

## Kupata msaada

12. Nikiwa Moshi au Arusha naanzia wapi?

Anza na zahanati au kituo cha afya kilicho karibu. Hospitali za rufaa za mikoa, Mawenzi kwa Moshi na Mount Meru kwa Arusha, ndizo hatua inayofuata. KCMC, iliyofunguliwa mwaka 1971, ni hospitali ya rufaa ya kanda, kwa hiyo kwa kawaida unafika huko kwa barua ya rufaa. Ukifika dirishani sema "nimekuja afya ya akili". Ukiona aibu ya foleni, sema "silali na mwili hauna nguvu", halafu ukiwa ndani na daktari sema yote.

Utaulizwa maswali mengi, pengine kwa fomu yenye maswali 9 kuhusu wiki 2 zilizopita, kila moja likipewa alama 0 hadi 3. Fomu hiyo haikuhukumu. Inasaidia kuona uko wapi leo na utakuwa wapi mwezi ujao. Kama unaweza, nenda na mtu. Si kwa sababu huwezi kujieleza, bali kuna mambo yeye ameyaona ambayo wewe huyaoni.

13. Dawa zinachukua muda gani, na nitazitumia mpaka lini?

Zinazopatikana kwa wingi ni fluoksetini na amitriptilini. Hazifanyi kazi siku ya kwanza. Nafuu huanza kuonekana kati ya wiki 2 na 4, na huchukua wiki 6 hadi 8 kujua kama dawa inakufaa. Hapa ndipo watu wengi wanapopotelea: wiki ya kwanza madhara yanakuja, nafuu bado. Fluoksetini inaweza kuleta kichefuchefu, wasiwasi, na kupunguza hamu ya tendo la ndoa. Amitriptilini hukausha kinywa, hufunga choo na huleta usingizi mzito. Mengi hupungua kadiri siku zinavyokwenda. Yakizidi, rudi ubadilishiwe dawa badala ya kuiacha kimyakimya.

Ukishapona, dawa huendelea kwa miezi kadhaa, kwa kawaida miezi 6 hadi 12, kisha hupunguzwa taratibu. Aliyeugua mara nyingi huambiwa aendelee zaidi. Kijana wa chini ya miaka 25 anayeanza dawa hizi afuatiliwe kwa karibu wiki za mwanzo, kwani wachache huzidiwa na mawazo ya kujiumiza kabla ya kupata nafuu.

14. Nitakuwa teja wa vidonge?

Dawa za sonona hazileti kiu ya kuongeza dozi. Ukizikatiza ghafla unaweza kupata kizunguzungu na hasira, ndiyo maana hupunguzwa polepole. Zinazozoesha ni zile za kutuliza kama diazepamu, ambazo wengine huzinunua duka la dawa bila cheti na kuzimeza miaka. Hizo haziponyi sonona.

15. Kuongea tu kutanisaidiaje?

Ushauri nasaha unaofaa hauishii kwenye kusikilizwa na kuambiwa "Mungu yupo". Ni kazi yenye hatua: unachagua tatizo moja, unalivunja, unajaribu suluhisho dogo, unarudi kueleza lilivyokwenda. Au unajifunza kulishika wazo kama "mimi ni mzigo" na kulihoji. Kwa sonona nyepesi na ya wastani tiba hizi husaidia sawa na dawa, na kwa iliyo kali huenda pamoja nazo.

Wanasaikolojia ni wachache, lakini si lazima awe msomi mkubwa. Zimbabwe, tangu mwaka 2006, akina bibi wa mitaani waliofundishwa wanakaa na wagonjwa kwenye benchi nje ya kliniki na kuwasaidia kutatua tatizo moja baada ya jingine. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha wagonjwa wao walipata nafuu kuliko waliopewa huduma ya kawaida. Ukimtazama bibi wa Kibosho anavyosuluhisha ugomvi wa mpaka, huoni ajabu.

16. Mchungaji anasema ni mapepo. Shangazi anasema nimerogwa. Niache dawa niombewe?

Omba na umeze. Ibada, kwaya, jumuiya ndogondogo, swala ya jamaa, haya hurudisha watu kwenye maisha ya mgonjwa, na watu ni tiba. Viongozi wengi wa dini wanalijua hili na wenyewe huwaleta waumini hospitali. Tatizo ni yule anayeweka sharti la kuacha dawa. Mwaka 2011 maelfu walipanda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa ya mchungaji mmoja, na wapo walioacha dawa za VVU na kisukari baada ya hapo. Anayekuambia uache dawa ili uthibitishe imani anahatarisha maisha yako, haijalishi amevaa nini.

Mtu akiambiwa sonona ni matokeo ya dhambi yake, ugonjwa unapata shahidi. Kujilaumu tayari ni dalili.

17. Sina bima na sina hela.

Uliza ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali kuhusu msamaha wa gharama. Ipo kwa ajili hiyo. Mwambie daktari mapema uwezo wako, akuandikie dawa utakayomudu kwa miezi badala ya ile utakayoinunua mara moja. Nauli nayo ni gharama: kama unatoka Tarakea au Longido, omba tarehe za kliniki ziwe za mbali kidogo hali yako ikishatulia.

## Kwa wanaoishi na mgonjwa

18. Nimwambie nini? Naogopa kuharibu.

Maneno machache. "Nimeona hulali. Nipo." Usianze na mifano ya waliopona kwa kufanya bidii. Badala ya "ukihitaji kitu niambie", sentensi inayomwachia kazi yote yeye, taja kitu: "Jumanne nakuja tuende kliniki, nitakupitia saa mbili na bajaji." Akikataa leo, rudia wiki ijayo bila hasira. Mpikie, kaa naye, angalieni mpira bila kuongea.

Nawe usife naye. Anayemuuguza mwenye sonona huchoka, hukasirika, kisha hujilaumu kwa kukasirika. Gawaneni zamu kama mnavyogawana mgonjwa aliyelazwa.

19. Mke wangu amejifungua, anahudumiwa vizuri, mbona analia?

Machozi ya siku za mwanzo huwapata akina mama wengi na huisha ndani ya wiki 2. Yakipita hapo, au akisema hamhisi mtoto wake, au anashindwa kulala hata mtoto akiwa amelala, hiyo inaweza kuwa sonona ya uzazi. Inawapata hata wanaohudumiwa vizuri. Mama mkwe ameshuka na ndizi, mtori umepikwa, bakuli liko mbele yake na limeshika utando juu. Kila anayeingia anamwambia "kula, mwanangu, upate maziwa", naye anaona aibu kwa sababu ametendewa mema yote na hajisikii chochote. Taja jambo hili kliniki ya mama na mtoto. Zipo dawa zinazotumika akiwa ananyonyesha.

Akianza kusikia sauti, kuchanganyikiwa, au kusema mtoto si wake au lazima amdhuru, usisubiri kesho. Hiyo ni dharura.

20. Baba hana huzuni, ana hasira tu. Ni sonona?

Inaweza kuwa. Wanaume wengi hawalii. Wanagomba, wanakunywa, wanaendesha pikipiki ovyo, wanakaa kazini mpaka usiku, au wanakwenda machimbo ya Mirerani na hawapigi simu. Mwanaapolo aliyechimba miaka bila kuona jiwe hatakwambia amekata tamaa, atakwambia "tunapambana". Muulize habari za usingizi na mwili kwanza. Huko ndiko mlango ulipo.

## Hali ngumu zaidi

21. Anasema bora afe. Nikimuuliza juu ya kujiua sitampandikizia wazo?

Hutampandikizia. Kuuliza wazi, "unafikiria kujiua?", humpunguzia mtu mzigo wa kulificha. Akisema ndiyo, muulize kama amepanga namna na lini. Kama amepanga, asiachwe peke yake hata kwenda chooni. Ondoeni karibu naye sumu za shambani, akiba kubwa ya dawa na chochote alichokitaja, vikae kwa jirani chini ya ufunguo. Mpelekeni idara ya dharura ya hospitali iliyo karibu, usiku au mchana. Namba ya dharura ni 112. Kwa mtoto au kijana, 116 ni namba ya bure ya huduma kwa watoto.

Kuwa macho pia na aliyekuwa chini sana halafu ghafla akatulia, akaanza kugawa vitu vyake na kuaga. Na kama ni wewe unayesoma: mwite mtu mmoja sasa hivi, hata kama huna cha kumwambia zaidi ya "njoo".

22. Jaribio la kujiua ni kosa kisheria. Nikisema hospitali nitakamatwa?

Ni kweli kwamba Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 217, bado inalitaja jaribio la kujiua kuwa kosa. Lakini kuwa na mawazo hayo si kosa, na kumweleza daktari si kosa. Kazi ya mhudumu ni kukutibu na kutunza siri zako. Hofu ya kifungu hiki huwafanya watu wakae kimya mpaka wanachelewa, na kwa maoni yangu kifungu chenyewe kimepitwa na wakati.

23. Tumefiwa. Nitajuaje kama ni majonzi ya kawaida?

Majonzi huja kwa mawimbi: analia, kisha anasimulia kisa cha marehemu na kucheka, kisha analia tena. Anammisi aliyeondoka, hajichukii mwenyewe. Ukiona miezi imepita, hakuna wimbi wala utulivu, ni uzito mmoja tu, anajiona hafai kuishi au ameacha kabisa kujihudumia, mpeleke akaonwe. Wakati mgumu kwa kawaida huanza matanga yakishakunjwa na ndugu kurudi Dar.

24. Kuna miezi anazimika, na kuna wiki halali, anaongea bila kituo na kununua vitu hovyo.

Mweleze daktari habari hiyo kabla hajaandika dawa. Huenda ni ugonjwa wa hisia mbili, unaopanda na kushuka, na dawa za sonona zikitolewa peke yake zinaweza kumpandisha vibaya. Matibabu yake ni mengine.

25. Nimemeza dawa wiki 8, sioni tofauti.

Si ajabu wala si mwisho. Katika uchunguzi mkubwa uliofanyika Marekani, takribani theluthi moja tu ndio waliopona kabisa kwa dawa ya kwanza; wengine walihitaji kubadilishiwa au kuongezewa. Kabla ya hapo daktari ataangalia kama dozi ilipanda inavyotakiwa, kama vidonge vilimezwa kila siku, kama pombe ipo (swali la 9), kama kuna tezi au damu pungufu (la 3), au kama ugonjwa ni mwingine (la 24). Kwa sonona iliyogoma kabisa ipo tiba ya umeme inayotolewa mgonjwa akiwa amelazwa usingizi kwa dawa. Sifa yake mitaani ni mbaya kuliko ilivyo.

26. Desemba inakaribia na siwezi kwenda nyumbani kwa hali hii. Nifanyeje?

Kila Novemba swali hili linarudi. Kwa Mchaga kutopanda nyumbani Krismasi ni tangazo: watu watauliza umefilisika au umegombana na nani. Kuna wanaokopa ili wakaonekane wazima, wakarudi Januari na deni na sonona kali zaidi.

Huna lazima ya kuchagua kati ya wiki mbili na kutokwenda kabisa. Nenda siku mbili. Mwambie ukweli ndugu mmoja tu, dada au binamu mnayeelewana, ili akujibie wengine na kukutoa nje kelele zikizidi. Beba dawa zote za siku hizo, kwa kuwa maduka ya dawa ya juu kule huenda yasiwe nazo. Kwenye michango ya ukoo sema wazi utatoa kiasi gani, na ukikitaja usikiongeze kwa aibu. Na kama daktari wako anaona safari yenyewe ni nzito mno, piga simu asubuhi ya sikukuu, kabla hawajaanza kukuuliza, useme utapanda Pasaka.